Mhungaria wa Drumcondra

Jumatatu, 9 Oktoba

Wasia wa shangazi Gobnait umesomwa. Nyumba yake ya kijijini Connemara, magharibi mwa Ireland, dirisha linatazama bahari, bomba linavuja, atapewa mmoja wetu: mimi au binamu yangu Treasa, daktari wa meno. Sharti ni kuongea Kiairishi robo saa na mtu wa kijijini. Mtu gani? Wakili hasemi mpaka Jumatatu ijayo.

Nilisoma Kiairishi shuleni miaka kumi na minne. Kilichobaki ni kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Treasa hata hicho hana. Nyumba nimeshaipata.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimefika kijijini. Hakuna anayenijua, mara ya mwisho nilikuja nina miaka tisa. Nia ni kufanya mazoezi, lakini hawa watu ni waungwana kupita kiasi. Wakisikia Kiairishi cha Dublin tu, wanakuhurumia na kugeukia Kiingereza. Mwenye duka kanihurumia kabla sijamaliza kuomba mkate. Mwenye baa kanihurumia nikiwa bado mlangoni. Siku nzima nimehurumiwa, na sijajifunza kitu.

Baada ya chakula: dawa nimeipata. Asiyejua Kiingereza hageuziwi Kiingereza. Kuanzia kesho mimi ni Béla, Mhungaria, fundi wa piano. Nimeulizia, kijiji hiki hakina piano.

Jumatano, 11 Oktoba

Béla anapendwa vibaya sana. Mwenye duka kamfundisha majina ya samaki wote barafuni. Bairbre, jirani wa marehemu shangazi, bibi wa miaka themanini na miwili, kamkuta akichungulia langoni kwa shangazi na kumvuta kwake kwa chai na mkate wa soda, ule usiotiwa hamira. Saa tatu nzima, Kiairishi kitupu. Ananionyesha vitu kwa fimbo, nami nataja: birika, paka, mvua. Nikaomba kwenda chooni. Alisema hajapata kusikia mgeni akiomba choo kwa ufasaha namna ile.

Treasa kapiga simu kuuliza naendeleaje. Nikamwambia nina mafua, nipo kitandani. Kanihimiza ninywe maji ya moto. Maskini, haoni ndani.

Ijumaa, 13 Oktoba

Chai ya tatu kwa Bairbre. Sasa naelewa karibu yote, kwa bahati mbaya. Leo kanisimulia siku za mwisho za jirani yake. Wiki sita amelazwa hospitali ya Galway, na yule mpwa wa kiume wa Dublin hakutia mguu. Kila alipopigiwa simu alikuwa na mafua. Akaniuliza kwetu Hungaria mtu kama huyo tunamwonaje.

Nikajibu sentensi nzima bila kukwama: huyo ni mvivu, hana haya, na asipewe kitu. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kusema kwa Kiairishi. Bairbre akanipigia makofi. Nimetembea hadi ufukweni nikiirudia ili nisiisahau. Moyo ulikuwa mzito, sijui kwa nini. Labda ni mkate wa soda.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mtu wa kijijini ni Bairbre.

Wakili akasoma jina: Malachy Tuohy, wa Drumcondra, Dublin. Bairbre akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. Kisha, kwa Kiingereza kilichonyooka, akanikaribisha, akaniita mwanangu, akaniuliza habari za barabara na kama mafua yamepona.

Nikajibu kwa Kiairishi. Akanihurumia kwa Kiingereza. Nikamwambia kwa Kiairishi kwamba paka wake amenenepa, mvua inakaribia na birika linachemka. Akasema kwa Kiingereza nisijisumbue, watu wa Dublin wana shughuli nyingi. Nikataja samaki wote. Akanisifu, kwa Kiingereza. Wakili akatazama saa. Akasema wasia unataka maongezi, na maongezi ni ya watu wawili. Hapa kasikia mmoja tu.

Akaingia Treasa. Robo saa nzima kwa maneno kumi na moja, sita mabovu, na katikati anacheka mwenyewe. Bairbre alimsubiri kila neno, bila haraka, na kumjibu kwa Kiairishi. Kumbe Treasa alikuwa anakwenda Galway kila Jumapili. Hakuniambia. Wala mimi sikuuliza. Nyumba ni yake, na bomba lake.

Jumatano, 18 Oktoba

Nyumbani Drumcondra. Imekuja barua ya Bairbre, kurasa mbili za Kiairishi, nimeisoma bila kugusa kamusi. Anasema Béla ana kichwa chepesi na amemkosa mezani. Chai ipo kila Alhamisi. Malachy naye anaweza kuja, kwa jina lake mwenyewe, ataongeleshwa Kiairishi, ila kwanza apite makaburini akamsalimu shangazi yake.

Mama mwema. Nilikaa na ile barua muda mrefu. Lakini nafasi ya chai sina. Treasa anatafuta mtu wa kumtunzia ile nyumba, anayejua Kiairishi, na Bairbre ndiye atakayewahoji waombaji.

Nimetafakari kosa langu na nimeliona. Ni Hungaria. Nilichagua nchi ya karibu mno. Maombi yameshakwenda kwa posta, kwa jina la Pekka, Mfini, fundi bomba. Masharubu yanafika kesho.