Matone ya Daktari Demissew na Kikombe cha Tatu

Demissew alimsikia Zenebech dukani kabla hajamwona. Mama huyo wa ghorofa ya nne, muuza injera, ile mikate myembamba ya Kihabeshi, alikuwa akimweleza mwenye duka kwamba bintiye Meklit, miaka saba, haongei kama wenzake, na kliniki imempa miadi ya Alhamisi baada ya kungoja miezi minane. Demissew akatabasamu. Mzazi mwenye hofu ni kuku anayejinyonyoa mwenyewe.

Kesho yake alipanda ngazi na koti jeupe, chupa ya matone, na kipimo cha presha alichokifungia taa ya baiskeli. Taa ikawaka, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Mama, huu ni usonji. Nimeutibu sana Dubai. Siku tatu tu. Hiyo kliniki achana nayo, itakupotezea muda."

Meklit akamvuta koti. "Unataka maji?"

"Hapana, mwanangu, asante."

"Unataka maji?"

"Nimeshakunywa, mpenzi."

Jirani yao, Bibi Askale, aliyekuwa ameketi pembeni, akamkata daktari jicho, akampa mtoto maji. Meklit akayagugumia yote.

Malipo? Daktari si mtu wa tamaa. Aliridhika na kaango la umeme la kuokea injera, ambalo ndilo lililoilisha nyumba hiyo. Zenebech alilipangusa mara ya mwisho, akalitoa, na Meklit akadondoshewa matone ya kwanza. Mama akiambiwa mwanawe atapona, atauza hata mlango alale wazi.

Demissew akalishusha huku akihema mpaka chini, akapiga simu. Hakugeuka nyuma. Angegeuka, angemwona Meklit ameketi kwenye ngazi.

Harufu ya kahawa ikamfikia. Juu, majirani watatu walikuwa wamekuja na watoto wao. Wateja! Akaliacha kaango chini, akapanda tena mbio, akapokea kikombe cha kwanza.

"Matone yameshaanza kazi," akatangaza. "Meklit, sema kitu, wakusikie."

Meklit akakohoa kikohozi kizito cha kiume. "Lete gari, bwana. Nimempata mbumbumbu wa ghorofa ya nne. Maji na sukari, ndugu yangu, maji na sukari. Alhamisi tuko mjini Adama."

Zenebech akasema kwa upole wa kutisha: "Mwanangu huyu husema alichokisikia, daktari. Dubai hawakukufundisha?"

Demissew akasimama. Bibi Askale alikuwa ameshahamishia kigoda chake mlangoni.

"Keti, baba. Nani huondoka kabla ya kikombe cha tatu? Cha tatu ndicho cha baraka. Ila kabla ya cha pili, kalete kaango. Koti na simu viache hapa."

"Ghorofa nne, bibi? Mgongo wangu..."

"Tutakupa matone."

Alilipandisha. Alikunywa cha pili akijishika mgongo. Kabla ya cha tatu aliimaliza chupa yake mwenyewe, tone kwa tone, wanawake wakimhesabia.

Alhamisi, Zenebech alikuwa kliniki kabla ya mlinzi. Daktari wa kike, hana koti wala taa, hakuahidi siku tatu wala miaka mitatu. Aliuliza tu: anacheza nini, analalaje, kelele zinamsumbua? Mzazi mwenzangu, shika hili: anayejua huuliza kwanza, tapeli huja na jibu mkononi.

Katikati ya maswali Meklit akamvuta mkono.

"Unataka maji?"

Daktari akaweka kalamu chini, akainuka, akammiminia.