Naomba Samurai Kurobane Ageuzwe

Kwa Mheshimiwa Meya wa Mji wa Tsukigane,

Pole na baridi. Mimi ni Shigeko Minobe, yule mama ambaye nyumba yake inatazamana na sanamu ya samurai wetu maarufu, Kurobane Tadamichi, pale juu ya farasi wake wa shaba mbele ya kituo cha treni. Kwa heshima na taadhima, naomba ageuzwe. Sababu ni hizi:

1. Ananikodolea macho. Siwezi kuanika nguo za ndani bila shujaa wa vita kuzikagua, mkono ukiwa kwenye upanga.

2. Amenichukulia mume. Tangu astaafu, Tokuzo wangu akiwa nyumbani hutamka maneno matatu tu: "Chakula. Bafu. Kulala." Lakini kila alfajiri humwendea huyo bwana, humwinamia, humwekea kikombe cha pombe ya sake, kisha anaongea! Namwona dirishani akirusha mikono. Bila shaka ananisengenya. Nilipomuuliza, alijibu: "Mambo ya wanaume hayo, mama." Wanaume! Mmoja wao ana njiwa kichwani.

3. Juzi theluji ilipoanguka, nilimkuta Kurobane amevaa skafu niliyomfumia Tokuzo kwa mikono yangu. Niliumia, Mheshimiwa. Nililia jikoni.

Najua mtasema Kurobane anasifika kwa kutowahi kumpa adui mgongo. Sawa, mimi si adui, anipe. Ikishindikana, geuzeni kituo kizima pamoja naye. Kituo nacho kikigoma, mpelekeni mji jirani, ule alioutia moto enzi zake. Watafurahi kumwona tena.

Wasalimie wote ofisini, hata yule bwana wa dirishani anayepiga miayo nikianza tu kujieleza.

Wako mtiifu,
Shigeko Minobe

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, leo alfajiri nilijificha kwenye kichaka nyuma ya farasi ili nipate ushahidi. Nikamsikia Tokuzo: "Mkuu, jana tena supu ya miso ya Shigeko ilikuwa tamu, na tena nimeshindwa kumwambia. Miaka yote hii! Hebu nisikilize nijaribu: Shigeko, supu yako..." Akakwama. Akakohoa. Akaanza upya, akakwama palepale.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, sanamu isiguswe. Ila waambie watu wa bustani wasikifyeke kile kichaka. Kesho atajaribu tena, na mimi nataka niwepo.