Povu la Vichwa Saba

Jumatatu, 8 Julai

Mvua asubuhi, kisha jua la kuchoma. Wateja wanne, mmoja kipara.

Nimerudi kutoka hekaluni na moyo mzito. Jumapili mwanangu Wichian anavaa vazi la njano. Anaingia utawani na wenzake sita kabla ya miezi ya mvua kuanza. Jumamosi wananyolewa vichwa na nyusi. Miaka kumi na mmoja sasa, kuwapaka povu ni kazi yangu mimi Bunsong, kinyozi wa kwanza sokoni (ukianzia upande wa mtoni). Mwaka huu Baba Mtawa Mkuu kampa Sawek! Sawek, ambaye nilimfundisha mimi kushika wembe!

Ni yale ya mwaka jana. Mtawa anayenyoa ni mmoja, tena mzee. Mimi huwapaka wote kwa mpigo, wakae mstari mmoja, weupe kama mayai, watu wapige picha. Mwaka jana mzee alipomfikia wa mwisho, povu lilishakuwa chokaa. Plasta tatu. Wa mwisho huwa ndiye mdogo kuliko wote. Mwaka huu mdogo ni Wichian.

Nilipiga magoti nikasihi. Baba Mtawa kacheka mpaka mabega yakatikisika. Kasema nimletee Ijumaa povu litakalobaki bichi mpaka kijiti kizima cha udi kiungue kiishe. Likibaki, kazi yangu.

Mke wangu Prayong kauliza, "Baba Wichian, si uongeze maji tu? Na umpake kila mtoto zamu yake ikifika?"

Wanawake! Na picha je?

Jumanne, 9 Julai

Wazo limenijia nikiwa nasali. (Najua. Lakini lilikuja lenyewe.) Tui la nazi! Lina mafuta, na mafuta hayakauki.

Nimemjaribia Mwalimu Sanan, mstaafu, anayekuja kila Jumanne kunyoa ndevu na kulala. Nikawasha udi. Nikampaka. Kalala. Povu zuri, zito, linang'aa. Nusu ya kijiti likaanza kukatika. Madonge huku, maji huku. Harufu ya mchuzi dukani kote.

Mwalimu kaamka, kanusa, kaniuliza, "Fundi, unaninyoa au unaniunga?" Mteja wa pili kasema tukiongeza pilipili na biringanya tutashiba sote. Kicheko. Nami nikacheka, kwa uchungu.

Wichian kaja jioni na kitabu chake cha sala. Bado anakwama ukurasa wa tatu. Kaniuliza kwa sauti ndogo kama wembe wa yule mzee unauma. Nikamwambia hauumi hata kidogo. Huo ni uongo, na nadhiri ya nne inakataza uongo. Nimewasha mshumaa.

Jumatano, 10 Julai

Hakuna kunyoa. Jumatano ni nuksi kwa nywele, hata mjinga anajua. Vinyozi wote tumefunga. Siku njema ya kupeleleza.

Nilipanda ukuta wa nyuma kwa Sawek, kifua chini, kama kenge. Nikamwona! Yuko uani, kalipakata fenesi bichi mapajani, analipaka povu. Anazungusha brashi, anaichovya kwenye kikombe, anazungusha tena, anachovya tena. Fenesi linang'aa kama limetoka kuoga. Kwenye kikombe kuna nini?

Kainua kichwa. "Kaka Bunsong, shuka, huo ukuta mbovu. Njoo unywe chai."

Nikashuka. Ukuta pia ukashuka, kipande.

Kanimiminia chai. Nikamuuliza kijanja, kwa mbali, kama mtu asiyejali, kwenye kikombe kuna nini. Kanitazama machoni. "Maji, kaka. Kidogo kidogo. Sabuni inataka maji kuliko tunavyodhani." Akanionjesha kabisa. Yalikuwa na ladha ya maji.

Uhodari ulioje! Kuniangalia usoni, kwenye kiti chake, nikiwa na chai yake mkononi, na kunidanganya! Namhurumia. Nadhiri ya nne ni ile ile kwa sote.

Prayong kanipaka dawa kiunoni. Kauliza Sawek kasema nini. Nikamwambia, "Maji." Kanipaka dawa na kichwani pia.

Alhamisi, 11 Julai

NIMEPATA!

Jibu lilikuwa jikoni siku zote. Sisi watu wa Phetchaburi tunatia sukari ya mvumo (rojo la utomvu wa mti huo) kwenye kila kitu: samaki, maharage, uji, dawa ya kikohozi. Kwa nini si povu? Sukari ikiwa bado rojo haikauki. Iache mezani wiki nzima, mkono utanata!

Vijiko vitatu kwenye bakuli la sabuni. Nikapaka boga. Udi ukaungua wote. Povu bichi! Nikawasha wa pili. Bichi! Nikalikumbatia boga.

Dosari ndogo: sisimizi. Waliingia kwa mstari kutoka dirishani, wengi kama waumini siku ya sikukuu. Kuua siwezi, nadhiri ya kwanza. Nikawabeba kwa brashi, mmoja mmoja, mpaka nje, nikiwaomba radhi. Saa mbili nzima. Wakarudi na jamaa zao.

Haidhuru. Hao ni sisimizi wa dukani. Hekaluni kunafagiwa.

Ijumaa, 12 Julai

Ushindi!

Baba Mtawa kaamuru nijipake mwenyewe, kwenye kichwa changu. Akawasha udi. Tukakaa ukumbini, yeye akisoma, mimi nikimwombea Wichian. Udi ukaisha. Kagusa povu kwa kijiti, kakiangalia. Bichi. Kauliza nimetia nini. Nikasema kitu cha hapa hapa nyumbani. (Si uongo!) Kasema basi, nimpake mwanangu kwa baraka zake.

Nilimkuta Sawek getini, nikamwambia kazi imerudi kwa mwenyewe. Kasema vizuri, kaka, baba kumpaka mwanawe ndiyo haki. Kauliza kama anisaidie kubeba ndoo. Wivu huo, kaufunika vizuri.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Vijana saba kwenye mabenchi, chini ya turubai. Wazazi tukakata nywele kidogo kidogo, tukaziweka kwenye jani la yungiyungi. Nikawapaka wote saba. Weupe! Wananata kidogo, lakini weupe! Watu wakatoa simu. Nikasimama pembeni, mikono nyuma.

Mtawa mzee alikuwa kwenye kichwa cha pili walipokuja nyuki.

Sikuwafikiria nyuki.

Kwanza mmoja. Kisha kama wameitana. Hapo ni hekaluni, na vijana wako nusu njia ya utawa: nani atapiga nyuki? Shangazi mmoja akapiga kelele, "Msiwaue! Msiwaue!" Wa tatu akavumilia, wa nne akavumilia, wa tano akakimbilia bwawani na nguo zake, wenzake nyuma yake. Mtawa mzee akafunga wembe akasema atasubiri.

Wichian peke yake hakuondoka. Kafumba macho, nyuki kichwani kama kofia, anasema sala zake, na mama yake kamshika mkono. Kapita ukurasa wa tatu bila kukwama. Nikaenda kuwatoa kwa kiganja, polepole. Wameniuma mara tisa. Yeye hata mara moja.

Sawek akaja na ndoo. Kawamwagia wote, kawasuuza sukari, kawapaka upya, kila mmoja zamu yake ikifika. Sabuni na maji. Hakuna picha. Alipofika kwa Wichian akasimama, akanipa brashi. "Mwanao huyu, kaka. Chovya. Chovya tena. Usiogope maji."

Nikachovya. Mkono ulikuwa kama andazi, nikabadilisha. Povu likatulia kichwani laini kama maziwa. Wembe ukapita kwa urahisi, nyusi zote mbili, bila tone la damu. Wichian akafumbua macho, hana nyusi, akaniambia, "Baba, kweli hauumi."

Nililia. Nilisema ni nyuki.

Jumapili, 14 Julai

Mwanangu ni mtawa. Kasoma sala zote. Prayong na mimi tukamsujudia, mtoto niliyembeba mabegani, na akaangalia chini ili asicheke. Siku bora ya maisha yangu.

Usiku huu nimetafakari kwa utulivu. Kwa nini povu la jana halikukauka? Sawek anadhani ni maji. Maskini! Ni sukari yangu, iliyokuwa imeshaingia kwenye ngozi. Kosa lilikuwa moja tu: utamu huita nyuki. Basi kinachotakiwa ni kitu kisichokauka, kisicho kitamu, na ambacho nyuki yeyote mwenye akili atakikimbia.

Mchuzi wa samaki!

Nimeshakoroga nusu chupa, ule wa chumvi wa kutilia chakula, kwenye bakuli la povu. Linang'aa. Mwalimu Sanan anakuja keshokutwa. Paka watano wamekaa mlangoni tangu magharibi, kimya, wananitazama kwa heshima. Hata wanyama wanatambua kazi nzuri.