Gonbe Amegoma Kula

Jumatano, 16 Agosti

Gonbe amegoma tena. Nyenje wamejaa tunduni, wanampanda mgongoni, wanateremkia mkiani, na yeye anawatazama kwa jicho moja tu. Jingine kalifumba. Kinyonga kufumba jicho mchana! Nimefundisha watu kuendesha gari miaka thelathini hapa Toyama, na sijawahi kuona kiumbe mwangalifu kama huyu. Jicho moja mbele, jicho moja nyuma, hakati kona mpaka aridhike. Wanafunzi wangu wangekuwa na nusu ya akili yake, leo nisingekuwa na mvi.

Mke wangu Fusae anasema labda ana kiu. Kiu! Katika jengo letu lote la maghorofa hakuna mwenye raha kama Gonbe. Tundu lake nimeliweka chini ya kiyoyozi kabisa, anapepewa mchana kutwa, joto la Agosti analisikia kwa majirani. Maji anayo, kwenye bakuli la kauri zuri kuliko letu la wageni. Fusae akajibu, "Haya, Baba." Binti yetu aliolewa zamani lakini Fusae bado ananiita Baba. Na akisema "Haya, Baba" ujue hajakubali.

Chini yetu, kwa mzee Onizuka, kumejaa wageni. Huyu ni mwenyekiti wa wakazi, mkuu wa stesheni mstaafu, na anafuga suzumushi, wale nyenje weusi wanaolia kama kengele ndogo. Hawafugi wa kula wala wa kuuza. Anafuga asikilize! Jioni watu wanashuka na vipepeo vyao vya kujipepea, wanakaa kimya, wanafumba macho. Kuja kumwona Gonbe, hakuna anayepanda ngazi. Watu wazima na akili zao, wamekaa wanasikiliza chakula!

Alhamisi, 17 Agosti

Aibu! Usiku nyenje wamemuuma Gonbe mkiani. Nimeona alama asubuhi. Badala ya mlaji kula chakula, chakula kimemla mlaji. Dunia imekwisha.

Tumempeleka kwa daktari wa wanyama, Minagawa, msichana ambaye leseni yangu ya udereva inamzidi umri. Akamgeuza Gonbe huku na huku, kisha akaanza kunisomea mashtaka. Macho yamezama, maana yake maji hayamtoshi. Kiyoyozi kinamkausha. Kinyonga hanywi bakulini, anaramba matone majanini. Nyenje walishwe kwanza ndipo alishwe yeye, wapakwe unga wa chokaa, na wasiolika waondolewe kabla ya usiku. Taa ya tunduni imechakaa. Nikamwambia inawaka. Akasema inawaka kwa macho yetu, lakini ile miale ya kuimarisha mifupa imekwisha. Kazi hiyo! Mimi taa ikiwaka naiita nzima.

Halafu akasema nisikae mbele ya tundu kumkodolea macho, eti Gonbe anadhani nataka kumla. Mimi! Fusae alikuwa anaitikia kwa kichwa kila neno. Wamekula njama hawa.

Lakini kuna jambo alilisema taratibu. Alisema Gonbe si kijana tena, na akiendelea hivi mwili utashindwa. Njiani nilimpakata kikapuni. Alikuwa mwepesi. Mwepesi mno. Niliogopa, nikamlaumu Fusae kwa foleni.

Jumamosi, 19 Agosti

Muujiza!

Kila Agosti mzee Onizuka hupita mlango kwa mlango akigawa suzumushi. Leo kaja kwetu. Kiboksi safi, udongo ndani, kipande cha biringanya kimechomekwa kwenye kijiti. Akanieleza kwa upole: niwanyunyizie maji, nibadilishe biringanya, na kidogo cha samaki mkavu wasije wakatafunana. Sauti itakolea baada ya siku mbili tatu, alisema, madume wakishatulia. Nikainama, nikashukuru, nikakiweka kiboksi kando ya tundu nikamletee chai.

Nilipogeuka, Gonbe amefumbua macho yote mawili. Yote mawili! Na rangi imerudi, kijani kabisa, si ile ya majivu ya wiki nzima. Anatazama boksi.

Mzee alipoondoka nilifungua kifuniko wapate hewa. Zaidi ya hapo sikufanya kitu. Kama boksi lilikuwa ndani ya tundu wakati huo, ni kwa sababu ndani ya tundu kuna upepo mzuri. Ulimi, kwap! Tena, kwap! Nikalia machozi, siogopi kuandika. Fusae akasema wale walikuwa zawadi. Nikamwambia mwenye njaa hana miiko. Akasema, "Mwenye njaa ni Gonbe, wewe je?"

Sikulielewa swali.

Jumapili, 20 Agosti

Mzee Onizuka kanikamata ngazini. Wanaimbaje? Nikasema wanaimba vizuri ajabu, hata Gonbe wamemgusa. Mzee akasema ajabu, mbona hajasikia kitu dirishani. Nikasema ni wenye haya.

Mtu anakupa zawadi halafu anaifuatilia! Tabia gani hiyo?

Nikalazimika kutafuta wimbo wa suzumushi kwenye simu, nikaiweka simu barazani, sauti juu. Safi kabisa. Nikachungulia: mzee yuko barazani kwake, mkono sikioni, anatabasamu. Katikati ya wimbo likaingia tangazo la dawa ya kuvimbiwa. Mwanamke anapiga kelele jengo zima, "Tumbo lako limejaa? Usione aibu!" Nikamwambia mzee kwa juu kwamba ni redio ya Fusae. Akaitikia kwa kichwa muda mrefu.

Gonbe kawakataa nyenje wa dukani. Amewatazama, akanitazama mimi, akageuza shingo. Ameshaonja cha juu, atarudi vipi kwenye makombo? Hata mimi nisingerudi.

Jumanne, 22 Agosti

Nimeshuka kwa mzee na uso wa msiba. Nikamwambia wote wamekufa kwa joto. Uongo mtupu, lakini machozi yalikuwa ya kweli, maana asubuhi Gonbe aliteleza tawini. Mzee kasikitika kuliko nilivyotarajia. Akaniomba radhi yeye! Akasema kosa ni lake, alinipa kabla hajahakikisha chumba chetu kina ubaridi. Akanipa boksi kubwa zaidi.

Halikutosha. Mchana nikashuka tena nikasema shangazi yake Fusae, kule Takaoka, anatamani sana kuwasikia. Nikapata boksi la pili.

Fusae kaja juu kanitolea macho. Shangazi alizikwa mwaka ule wa theluji kubwa! Nikamjibu kwamba nilisema anawatamani, sikusema yu hai. Akaenda kukata matango kwa kisu kikubwa kuliko kawaida.

Gonbe kala maboksi yote mawili.

Alhamisi, 24 Agosti

Hasira imenijaa mpaka kooni. Gonbe anakula lakini hapati nguvu! Macho yamezidi kuzama. Mguu wa nyuma unatetemeka akishika tawi. Nimempigia daktari Minagawa, nikamweleza kwa kirefu gharama za moyo nilizoingia. Akauliza kama tundu limehamishwa. Akauliza kama taa imebadilishwa. Akauliza kuhusu matone. Wimbo mmoja tu, huyu binti. Hata suzumushi wana nyimbo mbili. Nikakata simu.

Nimewaza mwenyewe na nimepata jibu. Mzee amekuwa akitupatia waimbaji wa daraja la chini! Wale wenyewe, wale wanaokusanya watu, kajiwekea. Kumbe ndiyo maana hawana lishe. Nimedhulumiwa na mtu mwenye tabasamu.

Na leo jalada la matangazo ya wakazi, lile linalozungushwa mlango kwa mlango, limetufikia: Jumamosi, ukumbi wa wakazi, jioni ya kusikiliza. Mzee ataleta kundi lake lote. Kila mtu aje na kipepeo.

Mimi nitakuja na kikapu.

Jumamosi, 26 Agosti

Siandiki mengi.

Nilikaa mstari wa mbele, kikapu magotini, taulo juu, Gonbe ndani. Mpango ulikuwa rahisi. Taa zikizimwa watu watafumba macho, mimi nitafunua taulo, Gonbe atajihudumia kimyakimya. Mzee akazima taa. Kengele zikaanza, ukumbi mzima. Nikafunua. Nikangoja. Nikapapasa.

Kalala! Giza lilipoingia tu kajikunja mkia, kalala fofofo! Unampeleka mtu karamuni, anasinzia mbele ya sinia!

Wakawasha taa ili watu wanywe chai baridi ya shayiri. Nikawa natafuta taulo. Wakati huohuo mzee kaja mstari wa mbele, kiganjani mwake kiongozi wa waimbaji, anamwonyesha mama wa ghorofa ya pili zile mbawa zinavyosimama akiimba. Wimbo ukaendelea pale pale mkononi. Gonbe akafumbua jicho moja. Kisha la pili.

Kwap!

Wimbo ukakatika katikati. Mama wa ghorofa ya pili akasema, "Jamani! Kamla!" Hakuna aliyejipepea. Mzee akatazama kiganja chake kitupu, akamtazama Gonbe anayetafuna, akanitazama mimi. Akauliza na wale wa shangazi, je? Niliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Fusae aliinama chini zaidi yangu, sijui aliwezaje.

Mzee hakufoka. Alisema tu kwamba kila usiku alikuwa akiacha dirisha wazi, ili awasikie wa kwangu wakianza.

Huu ndio ukatili. Mtu akifoka unamjibu. Sasa hili unalijibu nini?

Jumapili, 27 Agosti

Mapinduzi nyumbani! Nilipoamka tundu lilikuwa limehamia upande wa pili wa sebule, mbali na kiyoyozi. Taa mpya inawaka. Juu ya tundu kuna chupa yenye kitobo, inadondosha maji jani kwa jani, tone, tone, tone, mpaka mtu anataka kukojoa. Bakuli langu la kauri limewekewa achari. Nyenje wa dukani wanalishwa biringanya na samaki mkavu kama watoto wa mfalme, halafu wanatikiswa katika unga mweupe kabla ya kuingizwa tunduni. Na mimi nimekatazwa kukaa mbele yake. Mimi niliyemlea! Ninachungulia kwenye ufa wa mlango kama mwizi.

Nimeona anaramba tone. Akaramba jingine. Akaendelea kuramba kwa muda mrefu sana, na mimi nikasimama pale muda wote huo.

Sijamwambia Fusae. Atajisifu.

Jumamosi, 9 Septemba

Gonbe amepona! Macho yamejaa, mguu umetulia, anakula nyenje wa dukani bila kuuliza wametoka wapi. Fusae na yule daktari wanapongezana kwenye simu. Hakuna hata mmoja aliyenishukuru. Ni wazi kabisa kilichomponya ni suzumushi. Dawa ya asili hufanya kazi polepole, kila mtu anajua. Nilipanda mimi, wamevuna wao.

Leo asubuhi mlango ukagongwa. Mzee Onizuka, mara ya kwanza tangu ile jioni. Mkononi boksi. Moyo ukanilipuka. Akasema msimu unakwisha. Madume wamenyamaza, mayai yako udongoni tayari kwa mwakani, na hawa wamebakiza siku chache tu. Kila mwaka huwazika kwenye chungu cha maua. Mwaka huu amewaza, kama wataweza kumfaa yule mgonjwa wangu, basi na wamfae. Wameshaimba, alisema.

Mabaki! Nilipoomba wazima nilifanywa mhalifu, sasa naletewa vizee vilivyokatika sauti! Nikamwambia kwa heshima zote kwamba Gonbe hali wastaafu. Mzee akacheka. Akacheka, mbele ya mlango wangu! Akasema yeye mwenyewe ni mstaafu, na mimi pia.

Fusae akanipita, akapokea boksi kwa mikono miwili, akamkaribisha chai. Na mzee akaketishwa wapi? Mbele ya tundu! Pale pale nilipokatazwa mimi! Gonbe akala kutoka kiganjani mwake, mmoja baada ya mwingine, taratibu, na mzee akawa anamsimulia kila mmoja alivyokuwa akiimba. Wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Sijawahi kumwona Gonbe akikosa haya kiasi hicho.

Lakini mimi si mtu wa kinyongo. Fusae alipotoka kumsindikiza mzee, nilichukua hatua. Aliyetoka kuugua anahitaji kupumzika, si kudondoshewa maji kichwani. Nimelirudisha tundu chini ya kiyoyozi, ubaridi wa juu kabisa. Chupa nimeifunga. Taa mpya nimeitoa nikaifungia kabatini isichakae, nikarudisha ile ya zamani, ambayo inawaka vizuri tu.

Saa kumi jioni Gonbe amefumba jicho moja. Nyenje kampita puani, hakumjali.

Nilijua! Nilisema tangu asubuhi! Vile vizee vya Onizuka vimemharibia tumbo. Kesho namshtaki kwenye kikao cha wakazi, mwenyekiti au si mwenyekiti.

Namsikia Fusae sebuleni anakokota meza ya tundu. Hana hata huruma, atamwamsha mgonjwa.