Trekta Jekundu na Ng'ombe wa Mzee Muhwezi

Jumatatu, 19 Agosti 2024

Leo nimeliona. Omurushaka, kwenye uwanja wa dada Joviana, muuza mashine za shamba, nyuma ya maduka ya pembejeo. Nilikwenda kununua dawa ya kupe. Nimerudi bila dawa ya kupe.

Trekta dogo, jekundu. Linamfika mtu kifuani. Magurudumu ya nyuma yana meno marefu kama kidole changu. Nilipima. Nilivua kofia bila kujua kwa nini. Kanisani pia huwa navua.

Nyumbani nimekuta Tumwine, jirani yangu, anapita na pawatila yake, mashine ya kulimia ya magurudumu mawili, mbele ya mlango wangu. Shamba lake liko upande wa pili. Tangu ainunue mwaka jana hajapata njia nyingine ya kupita.

Uamuzi: nitanunua trekta langu la kwanza kabla ya mvua za Septemba. Mke wangu Speciose nitamwambia kesho, kwa utaratibu.

Jumanne, 20 Agosti

Mtu aliyemaliza kidato cha nne hanunui kitu kwa macho. Nimechora ukurasa wa maswali na majibu.

Ardhi: ekari tatu hapa Ihanda. Mbili ni kibanja, migomba na kahawa. Moja ni rweya, nyasi tupu upande wa chini. Mteremko: nimeweka bakuli la maji juu ya ubao na kuuegemeza ubao ardhini. Bakuli limeondoka. Nimeandika "wastani".

Njia ya kuingia kibanjani: upana sentimita 140, kwa futikamba. Upana wa trekta, kwa karatasi ya Joviana: 115. Zinabaki 25. Kila upande kumi na mbili na nusu. Hisabati haina upendeleo.

Speciose akauliza kama nimepima pamoja na mikungu inayoning'inia na miti iliyoitegemeza. Nikasema mgomba ni mti laini, hupisha. Akasema kibanja hakilimwi kwa mashine. Tangu babu yake kinapaliliwa kwa mkono, kinatandazwa nyasi, kinawekwa samadi, na ukikichimba unakata mizizi ya kahawa na migomba kwa pamoja. Nikamjibu kwamba babu yake hakuwa na simu pia. Akainuka akaenda kukamua.

Nimehesabu kuwa nimeshinda.

Alhamisi, 22 Agosti

Omurushaka tena. Joviana amenipandisha kwenye kiti, akaliwasha. Nilisikia mtetemo kwenye meno. Nguvu ya farasi ishirini na nne! Maishani sijaona farasi hata mmoja. Leo nimewakalia ishirini na nne kwa mkupuo, nao wametii.

Nilikaa dakika arobaini. Joviana alihudumia wateja wawili, akanywa chai, akarudi.

Ni mwanamke wa maswali. Aliuliza udongo wangu ukoje, fundi wangu yuko wapi, vipuri nitavipata kwa nani. Kisha akaniambia wazi kwamba kibanjani trekta halina kazi. Kwa ekari moja ya rweya ni afadhali kukodi, au kama nang'ang'ania, nichukue tela kwanza, maana huku kwetu trekta linalokula halali yake ni lile linalobeba ndizi na samadi. Nikasema nitawalimia majirani wote. Akasema Tumwine alisema hivyohivyo.

Maneno hayo yaliniuma hadi Ihanda.

Hata hivyo amekubali. Jumatano analileta kijijini kukionyesha kikundi cha wakulima, atapitia kwangu na kulima rweya. Rweya tu. Kibanjani haingii. Nimeitikia mara tatu.

Ijumaa, 23 Agosti

Suala la ng'ombe.

Ninao wawili, na wote itabidi waende ili trekta lije. Mmoja ni wangu mwenyewe, hana historia. Wa pili ni Gaju, mwenye pembe ambazo mikono yangu miwili haizifiki ncha. Huyo nilipewa na mzee Muhwezi, mfugaji wa Kyerwa, kule kwenye nyasi za kuelekea Murongo. Miaka sita iliyopita nilimwandikia barua ya kurasa nne kwenda wilayani juu ya mgogoro wa malisho. Malisho yakarudi. Akanikabidhi Gaju mbele ya watu.

Ng'ombe wa kupewa hauzwi kama mbuzi. Unamwendea aliyekupa, na pombe mkononi. Unakaa. Unazungumza habari za mvua. Kesho yake ndipo unamtaja ng'ombe. Ukimuuza kimya umemuuza na mwenye kumtoa, na hakuna mfugaji atakayekupa tena hata ndama wa kumtazama.

Mimi kumwendea mzee Muhwezi na kusema nataka kuuza? Sitaweza.

Mpango: sitaomba. Nitamwalika aje aone trekta. Atashangaa. Akishashangaa, atasema mwenyewe, "Muuze Gaju, ununue hiki."

Nimempigia simu, nimesema kuna jambo la maendeleo Jumatano. Aliuliza kwanza habari za Gaju. Nimesema anakusalimia.

Jumapili, 25 Agosti

Baada ya ibada Tumwine aliniuliza, mbele ya kwaya nzima, trekta langu litakata kona vipi pale kwenye mbuni mkubwa wa kahawa. Kwaya ikacheka kwa sauti nne.

Nimemwombea Tumwine na pawatila yake. Niliomba nini, sitaandika.

Jioni nimeondoa miti minne iliyotegemeza migomba kando ya njia, kuongeza nafasi. Kabla jua halijazama mgomba mmoja ulilala na mkungu wake. Speciose aliupika. Ndizi zilikuwa tamu sana. Nikaongeza sahani.

Jumatano, 28 Agosti

Naandika kwa utaratibu ingawa mkono hautaki.

Saa nne asubuhi mzee Muhwezi alishuka kwenye bodaboda, kofia yake, fimbo yake. Nikampa shikamoo. Hakuja kwangu kwanza. Alikwenda kwa Gaju, akamkuna chini ya shingo, akamnong'oneza. Gaju akafumba macho. Nikaangalia pembeni.

Saa tano trekta likaja. Watu walilifuata kutoka barabarani kama wanafuata maandamano ya Pasaka. Joviana akaliingiza rweya, akashusha plau, na ardhi ikafunguka.

Sina maneno ya kutosha. Miaka yote hii nimekanyaga nyasi zile nisijue chini yake kuna udongo mweusi namna ile, unaong'aa kama umepakwa siagi. Ulikuwa unageuka polepole, mstari baada ya mstari, na ndege weupe walitoka sijui wapi wakatua nyuma yake. Kazi ambayo mimi na Speciose tungeifanya wiki nzima ilikwisha watu hawajamaliza kusalimiana. Bibi Nyirabahire, jirani yetu, aliinama, akachukua udongo kidogo, akaugusa kwenye paji la uso. Mzee Muhwezi alivua kofia.

Alivua kofia! Nilimwona. Mpango ulikuwa umekamilika. Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwingine jioni hii.

Tumwine akasema kwa sauti kwamba rweya hata pawatila yake inaiweza, mwanaume anaonekana kibanjani.

Nikamwomba dada Joviana apumzike kivulini anywe maji. Akaenda. Nikapanda.

Mita kumi za kwanza nilikuwa mfalme. Sentimita kumi na mbili na nusu kila upande, sawasawa na daftari. Kisha plau ikashika matandazo. Nyasi kavu za miaka mitatu zikaanza kunifuata, na majani makavu ya migomba, na kamba ya kuanikia nguo, na kitenge. Nyuma yangu kulikuwa na kichuguu kinachotembea. Mbele Speciose alikuja mbio akipunga mikono yote miwili. Nilidhani ananishangilia. Nikampungia.

Halafu pua ya trekta ikainama, ikaingia ardhini hadi kwenye taa.

Shimo la kuivishia ndizi. Speciose alifukia mikungu sita Jumamosi, akaifunika kwa majani na udongo ili iive kwa ajili ya rubisi, pombe ya ndizi, kama inavyofanywa katika kila kibanja. Aliniambia mezani nisipite pale. Nilikuwa nasoma ukurasa wa dizeli. Nilijibu, "Vizuri sana."

Harufu ya ndizi mbivu ikapanda. Watu wakasogea kuchungulia.

Mzee Muhwezi akakaribia, akatazama shimoni, akauliza kwa upole rubisi hiyo ilikuwa ya sherehe gani. Nikafungua mdomo. Speciose akanitangulia.

"Ilikuwa yako, mzee. Nilijua huyu hataweza kukujia. Anataka kumuuza Gaju anunue hiki. Nikasema basi angalau twende na pombe, tukuombe kama watu."

Nilitamani shimo liongezwe kina.

Mzee alitazama trekta, kisha mimi juu yake, maana nilikuwa bado nimekalia kiti. "Sikukupa Gaju kwa sababu huna ng'ombe," akasema. "Nilikupa ili niwe na sababu ya kuja Ihanda. Hiki kitanipa sababu gani?"

Alivaa kofia. Speciose alimletea maziwa. Hakunywa. Akaondoka.

Hakunywa maziwa. Kwa mfugaji, kukataa maziwa ya mtu ni kumkataa mwenyewe.

Trekta lilitolewa na watu thelathini na pawatila ya Tumwine. Alipiga honi njia nzima. Sikujua pawatila ina honi. Ameifunga juzi.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimekata nyasi kwenye plau kwa kisu tangu asubuhi hadi saa tisa. Kitenge hakikupona. Joviana amekagua kila mahali: chuma hakijaumia hata kidogo. Kimezama, kimevutwa, na kimewaka kwa jaribio la kwanza! Sifa zote kwa waliokiunda. Joviana ameniomba kwa adabu nisisogelee uwanja wake kwa hatua ishirini. Nimeuliza zinahesabiwa kutoka uzioni au getini. Akawasha trekta akaondoka.

Wapitanjia leo hawanisalimii mimi, wanamsalimia Gaju, kwa pole. Habari imekwisha kufika: mzee Muhwezi hakunywa maziwa kwa Nsanzimana, ndiye mimi. Gaju anaweza kubaki zizini na urafiki usiwepo. Sijawahi kumwona ng'ombe anayefanana hivyo na barua iliyorudishwa.

Speciose anakamua zile ndizi zilizopondwa na gurudumu. Nilimwambia trekta limemrahisishia kazi. Akaacha kukamua, akanitazama. Nimetoka kukagua uzio.

Jumamosi, 31 Agosti

Speciose alinikabidhi dumu la rubisi, akasema twende. Nikabeba. Bodaboda mbili hadi Kyerwa.

Mzee Muhwezi alitupokea bila kucheka na bila kukunja uso. Nilikaa. Nikazungumza habari za mvua. Nilizungumza habari za mvua hadi mwaka 1998. Hakuna aliyenikatiza.

Alasiri ng'ombe wake walirudi kutoka kunywa maji. Niliona kwanza pembe tu, zikipanda kutoka nyuma ya kilima, kana kwamba msitu mweupe umeamua kuhama. Ardhi ilitetemeka. Sikuusikia mtetemo kwenye meno, kama kwenye trekta. Niliusikia kwenye nyayo. Walipita karibu nasi wakipumua, na kila mmoja aligeuza kichwa kidogo ili pembe zisimguse mwenzake. Hakuna aliyewafundisha. Hakuna aliyepima upana. Nilivua kofia.

Mzee aliniona nikivua. Akamimina rubisi, akaonja, akauliza kama hii ndiyo ile iliyokanyagwa. Speciose akasema ndiyo hiyo. Akaonja tena. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka akashika fimbo. Akataka nimweleze tena kuhusu kitenge, na nilivyompungia mke wangu. Nikaeleza mara mbili. Mke wa mzee akaitwa, nikaeleza ya tatu.

Nikasema basi. Nimekosa, mzee. Gaju hauzwi.

Akanyoosha fimbo, akaonyesha mtamba mmoja mwekundu, mwenye pembe changa, akasema ni wetu. Speciose alipiga magoti. Mimi sikuelewa, nikauliza kwa nini.

"Mtu anayetaka kuuza urafiki anaongezewa," akasema, "mpaka umshinde kubeba."

Njiani Speciose alilia kidogo na kucheka kidogo. Aliniambia nimepewa somo ambalo wengi hawalipati, na kwamba anatumaini nimelielewa.

Jumatatu, 2 Septemba

Mtamba amefika. Mzuri kupita maelezo. Amesimama karibu na Gaju na zizi limejaa.

Nimelielewa somo. Leo nimeliweka kwenye daftari kwa utaratibu, ukurasa mpya.

Nilikuwa na ng'ombe mmoja wa mzee Muhwezi. Nikajaribu kumuuza. Nikaongezewa mmoja. Sasa ninao wawili. Nikijaribu kuuza wawili, kwa kanuni hiyohiyo, nitaongezewa wawili. Watakuwa wanne. Halafu wanane. Kosa langu lilikuwa kuanza kidogo. Hisabati haina upendeleo.

Si lazima kuuza kweli. Inatosha mzee asikie.

Kwa hiyo asubuhi nimemwendea Tumwine, nikampa shikamoo ambayo hastahili, nikamwambia kwa siri kubwa kwamba nauza wote wawili na asimwambie mtu. Ameapa. Nilipofika nyumbani nimesikia honi ikielekea barabara ya Murongo, kwa mzee.

Nimeanza kupanua zizi.