Mrudisheni Hilmar Akiwa Mbishi Kama Zamani

Kwa Mkuu wa Kituo cha Mawimbi,
Bonde la Kvitnes.

Ndugu Mkuu wa Kituo,

YAH: MDOGO WANGU MLIYEMWELIMISHA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba theluji iliyoelemea antena zenu juma lililopita mmeshaikung'uta. Mimi ni Agnar Nymo, mwalimu mstaafu wa hesabu na fizikia. Nakaa ile nyumba ya manjano, pale barabara inapochepuka kuja kwenu. Yumkini unanifahamu kwa sifa moja: tangu mliposimamisha milingoti yenu, mimi peke yangu katika bonde hili sijawahi kuwaandikia malalamiko. Leo naanza.

Sina ugomvi na sayansi. Kwa faida ya karani atakayefungua bahasha hii kabla yako, nieleze kidogo. Huko juu, kupita mawingu na njia za ndege, hewa ni nyembamba mno, na jua huzichanachana chembe zake hata vipande vidogo vyenye umeme, yaani elektroni, vikabaki vinazurura. Ninyi hurusha mawimbi mazito ya redio kuelekea huko, elektroni zikatikisika na kupata joto, kisha mnatega vyombo vyenu mjue tabaka lile limefanya nini. Mkizima mitambo, linarudi lilivyokuwa. Ni sawa na mpishi anayetia mwiko kwenye uji ili ajue kama umeshakuwa mzito. Mwiko hauleti mvua.

Mfano huo wa uji ndio niliokuwa nikimpa mdogo wangu Hilmar. Hilmar anafuga kondoo, na nyumba yake inatazamana na yangu. Mimi sikuoa, yeye alifiwa na mkewe, Borghild. Tangu msiba ule alikuwa akivuka barabara kila asubuhi, anafungua mlango bila kubisha, na kabla hajavua kofia anasema, "Wamewasha tena, kaka." Kisha ananihesabia mabaya mliyotenda usiku kucha. Mimi namweleza, yeye anakataa, mimi naanza upya na uji, mpaka birika la kahawa linakauka. Ndipo anarudi kwa kondoo wake akiwa amekasirika vizuri, nami naosha vikombe nikiwa nimetulia. Wagombanao ndio wapatanao, walisema wahenga, na sisi tulipatana namna hiyo kwa miaka mingi.

Msimu wa vuli mkafungua milango yenu na kualika wananchi. Hilmar alikuja kwenu na nia moja tu, kuwakemea. Alivaa hata koti lake la mazishi. Aliporudi alikuwa anatabasamu, na hapo ndipo madhara yalipoanza. Nayataja kwa mpangilio:

1. Mlimwelimisha bila kuishauri familia. Nimeambiwa kwamba Dkt. Eirin Falch, yule msichana wa vipimo, alimsikiliza mpaka akamaliza kukemea, kisha akamuuliza hufanya nini akitaka kujua hali ya kundi lake. Hilmar akamjibu kwamba humtuma mbwa apite katikati, yeye akaangalia nani anakimbia na nani anachechemea. "Basi na sisi ni hivyo hivyo, mzee wangu," akasema Dkt. Eirin. "Tunatuma mbwa, tunaangalia kundi, kisha tunamwita mbwa arudi." Hilmar akauliza kama mbwa huyo anauma. Akaambiwa haumi. Mambo yakaishia hapo. Miaka yote ile nilimkorogea uji mtu ambaye hajawahi kushika mwiko maishani mwake! Sisemi kwamba nilikosea. Nasema tu kwamba nilipaswa kushirikishwa.

2. Mmetikisa mgawanyo wa lawama katika bonde hili. Zamani majani ya kondoo yakinyeshewa kabla hayajakauka, ni ninyi. Dume la kondoo likipotea, ni ninyi. Televisheni ikitoa chenga, maziwa yakiganda, goti likiuma, ni ninyi. Lawama zilipanda juu, zikatawanyika huko kwenye hewa nyembamba, hazikumdhuru mtu. Sasa hazina pa kwenda, zinateremkia kwangu. Dume lilipotea, imekuja kujulikana, kwa sababu mimi sikufunga lango. Televisheni ina chenga kwa sababu waya wake niliuunga mimi. Nilimuuliza kuhusu goti, nikidhani angalau goti limebaki kwenu. "Goti ni uzee, kaka," akanijibu. "Wewe uzee wako umekuingia mdomoni."

3. Mlimwita kwenye msaragambo. Hili ndilo linaloniuma, na nadhani mlilifanya kwa makusudi. Wewe mwenyewe ni mtu wa kaskazini, unajua desturi yetu: mtu akishakwenda mahali na koleo lake, akafyeka na wenzake na kunywa kahawa ya pamoja, mahali pale pamekuwa pake, na hawezi tena kupasema vibaya. Ninyi mkawaalika watu wafyeke vichaka chini ya antena. Hilmar alikwenda siku ile, akaenda na kesho yake ambayo hakualikwa. Sasa asubuhi namwona dirishani akitoka kwake, anafika barabarani, na badala ya kuvuka anakata kulia kuja kwenu, mkononi ana spana. Nasikia anawakazia nyaya za milingoti, na kwamba mnampa kahawa na jibini ya kahawia. Kikombe chake kinaning'inia kwenye msumari jikoni kwangu. Kahawa bado napika birika zima, kwa mazoea, na nusu namwaga. Sina mtu wa kumweleza chochote. Juzi nilijikuta namweleza paka wa jirani habari za elektroni, naye alikubali kila kitu, jambo ambalo halina ladha.

4. Mmemfanya asiogope. Jana alasiri, giza likiwa limeshaingia kama ilivyo kawaida ya miezi hii, mitambo yenu ilikuwa inaunguruma na mianga ya kaskazini ikatokeza juu ya mlima, ya kijani, ikichezacheza. Ukikulia hapa hufundishwi mara mbili: mianga ikitoka, nguo nyeupe huanuliwa, maana ukiipungia kitambaa cheupe inateremka kukuchukua. Mama yetu hakuacha hata leso kwenye kamba. Mimi darasani niliwafundisha watoto wa bonde zima kwamba hiyo ni hadithi ya kutishia watoto, na naisimamia kauli hiyo. Sasa nikachungulia dirishani nikamwona Hilmar amesimama katikati ya uwanja wake, ameshika shuka jeupe kwa mikono miwili, anaipungia anga kwa nguvu zake zote. Alisema baadaye kwamba alitaka kuona kama kundi litasogea.

Nilitoka na soksi tu, bila viatu. Nilivuka barabara bila kutazama magari. "Teremsha shuka hilo, Hilmar!" nilisema, kwa sauti ambayo huenda mliisikia huko kwenu. "Mama alisema nini?"

Aliliteremsha, akaniangalia miguuni, akaniangalia usoni. "Kaka," akasema, "kumbe unaogopa?"

Nilimjibu kwamba nimehofia mafua. Naomba jibu hilo liingizwe kwenye kumbukumbu zenu kama lilivyo.

Kutokana na hayo, nina maombi yafuatayo, nayo si makubwa. Kwanza, kituo kikiri kwa maandishi, na muhuri ukiwepo itapendeza, kwamba ndicho kilichoharibu goti la kushoto la Hilmar Nymo. Goti la kulia tunaweza kulijadili. Pili, Dkt. Eirin aombwe kueleza vibaya zaidi. Ana kipaji, lakini akijitahidi ataweza, na akikwama mimi nitamwazima mfano wa uji. Tatu, Hilmar akija na spana yake afukuzwe, tena kwa jeuri, na mtu asiyejua lolote kuhusu kondoo. Nne, haya yakishindikana, fanyeni kosa moja la kweli. Dogo tu. Unguzeni kibanda, tieni mikwaruzo kwenye redio ya kijiji wakati wa taarifa ya hali ya hewa, chochote ambacho mtu mwenye akili timamu anaweza kukikasirikia. Na ikiwa hata hilo ni gumu kwenu, basi zimeni mitambo, ng'oeni milingoti, muende mkatikise anga ya watu wengine. Kituo ambacho hakuna anayekilalamikia kina faida gani kwa bonde hili? Tulikuwa na mbingu moja na ndugu wawili waliogombana chini yake kwa amani. Ninyi mmechunguza mbingu, hamkuchunguza ndugu.

Nakuachia nafasi ya kutafakari, maana najua ninyi watu wa vipimo hamjibu upesi. Nisalimie Dkt. Eirin, ambaye simchukii. Nisalimie mpishi wenu na jibini yake, dereva wa gari la kusukuma theluji ambaye kila mara huniachia kilima mbele ya lango, na yule mbwa wenu mzee anayelala chini ya rada. Ukimwona Hilmar, msalimie pia. Mwambie kahawa ipo.

Mimi ninayeielewa kazi yenu kuliko ninavyopenda,

Agnar Nymo,
Mwalimu mstaafu.

TANBIHI: Barua hii ililala mezani ikisubiri gari la posta, na asubuhi hii mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Hilmar. Alivua kofia, akachukua kikombe chake msumarini, akaweka mezani kipande cha jibini ya kahawia ambacho naamini ni chenu. "Kaka," akasema, "sikulala vizuri. Wewe unaogopa kwa sababu hukupata mtu wa kukueleza taratibu." Kisha akaanza kunieleza habari za mbwa na kundi. Kimo cha lile tabaka alikikosea, na si kidogo. Elektroni alizieleza kana kwamba ni aina ya chawa. Nilifungua mdomo. Nikaangalia kikombe chake, kilikuwa bado nusu, nikaufunga. Alipomaliza nilimwambia kwamba mimi bado sijaridhika. Akapumua kwa uvumilivu, akamimina kahawa nyingine, akaanza upya na mbwa.

Kwa hiyo naomba uyapuuze yote niliyoandika hapo juu, pamoja na goti. Washeni mitambo mara nyingi kadiri umeme unavyoruhusu, hasa alasiri. Na mtu yeyote hapo kituoni asimkumbushe kwamba niliwahi kufundisha fizikia. Anaonekana amesahau, nami sikumkumbusha.

Mashuka yangu nimeyaanua mapema. Kesho atakuja kunieleza kwa nini haikuwa lazima.