Kiranja Mkuu wa Kwenye Simu

Jumatatu, 9 Novemba

Hasira! Mwaka huu siku ya wazazi inafanyika mtandaoni. Kila kitu kinarekodiwa kabla, mwalimu wa kompyuta anaunganisha vipande, Jumamosi wazazi wanatazama. Hotuba ya kukaribisha ni ya kiranja mkuu, yaani Shingo, kijana mrefu kama mlingoti uliokosa bendera. Na mimi? Nishike simu! Eti simu ya shangazi ninayekaa naye ina kamera nzuri. Kipaji chote hiki, nimegeuzwa kigingi.

Tatizo ni mama. Anafanya kazi mbali, huu mwaka wa pili hajaja, na anajua kiranja mkuu ni mimi. Nani kamwambia? Mimi. Kilikuwa kijiuongo kidogo cha kumfurahisha, kikakua chenyewe. Leo kapiga simu. Amewaalika wafanyakazi wenzake kumi na mmoja waje kunitazama.

Jumanne, 10 Novemba

Nimemrekodi Shingo ukumbini. Nikampiga picha kutokea chini, matundu ya pua yaonekane kama mapango. Akagundua! Akaniambia, mbele ya wasichana, nishike simu sawasawa, kazi yenyewe hata msumari ungeiweza. Wakacheka wote. Hata yule dada wa kwaya ninayempenda kisirisiri!

Wacheke tu. Lakini vipande vyote napeleka mimi. Viko arobaini, na mwalimu kasema hana muda wa kuvitazama, atafuata majina ya mafaili tu. Haya. Tutaona nani msumari, nani nyundo.

Jumatano, 11 Novemba

Nimejifungia chumbani kwa shangazi. Shuka jeupe nimelipigilia ukutani. Beji nimekata kwenye mfuniko wa ndoo ya rangi. Nimerekodi mara kumi na nne! Mara ya tatu, jogoo wa jirani. Mara ya saba, nimesahau jina la shule. Mara ya kumi na mbili ilikuwa dhahabu tupu, nimefika kwenye "wazazi wetu wapendwa", shangazi akaingia kutafuta shuka lake. Akaling'oa na misumari yake! Nikamwambia anaharibu hotuba ya kiranja mkuu. Alichojibu sikiandiki.

Ya kumi na nne imetoka safi, sauti nzito kama ya waziri. Ya kumi na mbili nilishaipa jina MWISHO. Iliyofuata ikawa MWISHO KABISA. Hii safi nimeiita MWISHO WA MWISHO. Nimezituma zote kwa mwalimu, majina yanajieleza, na ya Shingo nimeifuta. Pole yake.

Jumamosi, 14 Novemba

Mwalimu yule ni mjinga! Mtu mzima, ana cheti ukutani, hajui kwamba MWISHO si ya mwisho?

Wazazi mia tatu wanatazama. Mimi huyo, beji kifuani. Mara shangazi anaingia, anang'oa shuka, anauliza kiranja mkuu wa nini, mtu ambaye hata kengele ya shule walimnyang'anya kwa kuipiga kabla ya saa? Na mimi, kwa kisauti chembamba kama cha mbu, namsihi asimwambie mama.

Shangazi, tumekaa naye kochi moja, kasema kamera imempenda.

Mama akapiga. Hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema wenzake waliondoka mmoja mmoja, kila mtu kajifanya ana haraka. Kisha akauliza polepole: mwanangu, shuleni wewe ni nani hasa?

Nimesema mtandao mbovu. Nikakata.

Jumapili, 15 Novemba

Nimelala vibaya, nimeamka na akili. Nimempigia mama kumweleza ukweli: yale yalikuwa maigizo. Nimeyatunga mimi, mwenyekiti wa chama cha maigizo cha shule. Shangazi ni mwigizaji mwalikwa.

Kisha mama akacheka mpaka akakohoa. Kasema alijua tu mwanawe hawezi kumwaibisha. Anawaita wenzake warudi kutazama tena, na wanataka mchezo mwingine mwisho wa mwezi.

Nikageuka, shangazi kasimama mlangoni. Kasikia yote. Yuko tayari kushiriki, kasema, ila kwa sharti moja: mwenyekiti awe yeye, mimi nishike simu.

Mnaona watu? Chama hakijapata hata mwanachama mmoja, tayari wanataka kunipindua!